Kazi mradi ya kuhitimu

Kazi mradi ya kuhitimu ni kazi ya vitendo anayoifanya mwanafunzi wa sekondari kuelekea mwisho wa masomo yake, chini ya msimamizi mwenye ujuzi husika, na ambayo huhesabiwa pamoja na mtihani au huwa sharti la kupata cheti. Inaweza kuwa meza, shati, saketi ya umeme, au uchunguzi wa tatizo la mtaa. Nchini Tanzania suala hili limepata uzito mpya tangu mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulipoanza sekondari mwaka 2024, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Makala hii inalitazama kutoka Kariakoo na Gerezani, katikati ya Dar es Salaam. Hoja yake ni moja: kinachoipa kazi mradi thamani ni jicho la fundi aliyeiona ikitengenezwa, hivyo mafundi wa mitaa hiyo wanastahili nafasi rasmi katika kuisimamia na kuipima.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Machi 1967, katika waraka wake Elimu ya Kujitegemea, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alikosoa shule zilizotukuza mtihani na kuwatenga vijana na kazi za jamii yao. Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, la Novemba 1974 lilikazia hoja hiyo, na kuanzia 1976 maendeleo ya mwanafunzi shuleni yakahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Hata hivyo, katika shule nyingi kujitegemea kuliishia kwenye jembe: shamba lililimwa, lakini hakuna aliyemwuliza mwanafunzi kwa nini mstari huu umezaa na ule umekauka. Jasho peke yake halikutosha kuelimisha. Kazi ya mikono hufundisha pale mjuzi anapomsimamisha kijana katikati ya kazi na kumtaka aeleze kwa nini amepima hivi, na kosa lake lingegharimu nini.

Wajuzi wa aina hiyo Kariakoo inao tele. Gerezani kuna karakana za vyuma na mbao. Kariakoo kwenyewe kuna mafundi cherehani na mafundi simu. Anayejifunza huanza kama saidia fundi: anashika ubao, anatumwa misumari, anatazama, hadi siku anapoachiwa randa au mkasi. Mafunzo haya ni makini kwa sababu kosa lina bei. Kitambaa cha mteja kikikatwa vibaya, hasara ni ya fundi. Upungufu wake ni kwamba saidia fundi huonyeshwa namna kuliko kuelezwa sababu, na miaka yake ya kujifunza haimpi karatasi. Mwanafunzi naye amepungukiwa upande wa pili: anaijua kanuni ya Ohm, lakini simu ikifunguliwa mbele yake hajui aanzie wapi. Kazi mradi inaweza kuwakutanisha hawa wawili. Tayari Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi kwa kumpima fundi na kumpa cheti. Fundi ambaye ujuzi wake umethibitishwa hivyo hana sababu ya kukosa kauli juu ya kazi ya mwanafunzi aliyemsimamia.

Wapo wanaohofu kwamba mwanafunzi atageuzwa kibarua wa bure. Hofu hiyo ni ya haki, na historia ya mashamba ya shule inaipa nguvu. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kati ya shule, mzazi na fundi, yanayotaja saa, kazi yenyewe na vifaa vya kujikinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 katika kazi hatarishi. Makubaliano yaanzie hapo. Wengine husema Kariakoo kila kitu kinauzwa, hata mradi uliokamilika utanunuliwa. Ndiyo maana kitu peke yake kisipewe alama. Daftari la hatua za kazi, lililotiwa saini na fundi kila hatua, pamoja na maswali ya ana kwa ana, humfichua haraka aliyenunua. Kuhesabu kazi ya shuleni pamoja na mtihani si jambo geni: Uganda, katika mtaala mpya ulioanza 2020, imeitengea tathmini ya shuleni asilimia 20 ya alama za kidato cha nne. Pingamizi la tatu, kwamba fundi hakusomea ualimu, ni la kweli, lakini mwalimu naye hakusomea useremala. Mwalimu apime sababu, fundi apime mkono, na saini zote mbili zihitajike.

Walioanza mkondo wa amali mwaka 2024 watafika kidato cha nne mwaka 2027. Kama kazi zao zitapimwa na watu ambao hawakuziona zikifanywa, kosa la jembe litakuwa limerudi likiwa na jina jipya. Fundi wa Gerezani akitia saini yake kwenye daftari la mwanafunzi, cheti kitakuwa na shahidi.