Tangawizi: Safari ya Dawa ya Jikoni Hadi Kianjokoma

Katika Kianjokoma, mji mdogo wa Embu uliokaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako baridi ya msituni hushukia mashamba ya majani chai, mtu akishikwa na mafua au tumbo likimchafuka, aghalabu huanza kwa kuponda kipande cha tangawizi na kukichemsha, naye tabibu hukumbukwa baadaye. Desturi hii, ingawa imezoeleka kana kwamba ilizaliwa na ardhi ile, ina taarikhi ndefu iliyovuka bahari.

Asili ya tangawizi ni Asia. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 1, aliisifu kwa kusaidia tumbo, na tabibu Ibn Sina, aliyekamilisha kitabu chake cha tiba, Al-Qanun fi al-Tibb, yapata mwaka 1025, aliihesabu miongoni mwa dawa zenye hari. Katika pwani yetu, msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikirimiwa wali wa samli pamoja na achari za ndimu na pilipili, maembe, na tangawizi mbichi. Basi tangu zamani hizo kitoweo na dawa vilikaa sahani moja.

Nyanda za juu ziliizoea zaidi kwa njia ya chai. Mmea wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903, na baada ya KTDA, mamlaka ya Kenya ya kustawisha chai, kuundwa mwaka 1964 kilimo cha wakulima wadogo kikaenea, Embu ikiwamo. Nayo chai ya maziwa yenye viungo, mazoea yaliyotoka Bara Hindi, ikawa kinywaji cha kila nyumba.

Wataalamu wa leo wameafiki sehemu ya maneno ya wahenga, kwani majaribio yameonyesha kuwa takriban gramu 1 ya unga wake kwa siku hupunguza kichefuchefu cha wajawazito. Walakini si kila sifa iliyothibitika: mwaka 2020, korona ilipoingia Kenya, bei ya tangawizi na ndimu ilipanda, ilhali haikupata kuthibitika kwamba huponya maradhi hayo.

Ama dhara lake kubwa kabisa katika taarikhi halikutoka katika tangawizi yenyewe. Huko Marekani, pombe ilipokuwa haramu, watu walikunywa dondoo ya tangawizi ya Jamaica kwa ajili ya kileo kilichomo, na mwaka 1930 wafanyabiashara wakaighushi kwa kemikali yenye sumu ili kuwahadaa wakaguzi. Makumi ya maelfu wakapooza miguu.

Kwa hiyo yafaa kutofautisha tangawizi ya birikani na ile iliyokamuliwa ikatiwa chupani au vidongeni, ambayo nguvu yake haijulikani kwa kuonja. Hata ile ya jikoni, ikizidi kadiri, huleta kiungulia. Na anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, mwenye vijiwe vya nyongo, na anayengojea upasuaji, ni wajibu wao kumweleza daktari waziwazi, wala wasiiache nje ya hesabu ya dawa zao kwa sababu tu ilinunuliwa sokoni pamoja na vitunguu.