Gazeti la Kale na Nasaba za Watu wa Kisaki

Katika utafiti wa historia ya familia, Uskoti hutolewa mara nyingi kama mfano wa nchi yenye kumbukumbu nyingi za maandishi. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza huko tarehe 1 Januari 1855. Kwa miaka iliyotangulia, mtafiti hutegemea vitabu vya parokia na, pale vinapokosekana, magazeti ya kale kama The Scotsman, lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1817. Katika safu za vifo hupatikana jina la marehemu, mahali alipofia na, mara nyingi, jina la baba au mume. Hata hivyo, tangazo hulipiwa, na habari huandikwa kwa ajili ya msomaji anayelinunua gazeti. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gazeti linasema nini, inafaa kuuliza liliandikwa kwa ajili ya nani.

Swali hilo linaihusu Kisaki moja kwa moja. Mwaka 1879 msafara wa Shirika la Kifalme la Jiografia la London ulitoka Dar es Salaam kuelekea maziwa makuu. Kiongozi wake, Keith Johnston, mzaliwa wa Edinburgh na mtoto wa mchora ramani mashuhuri, alifariki tarehe 28 Juni 1879 huko Behobeho, kusini ya Kisaki. Uongozi ulishikwa na Mskoti mwenzake, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Mnyapara wa msafara alikuwa Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa waliousafirisha mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo. Mzao wa ukoo wa Johnston anaweza kuifuatilia nasaba yake kwa maandishi kizazi baada ya kizazi. Mzao wa mpagazi aliyebeba mzigo katika njia ileile hana ukurasa wa kufungua.

Pengo hilo lilipanuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Gazeti la Kiongozi, lililochapishwa kwa Kiswahili katika shule ya serikali ya Tanga, lilikoma mwaka 1916. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi yalipigana Kisaki, na tarehe 4 Januari 1917 Frederick Selous aliuawa Behobeho. Jina lake lilipewa baadaye pori la akiba la eneo hilo. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo Afrika Mashariki walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuandikwa majina popote. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, vijiji vilikuwa vimekwisha kuzika na kuhama.

Mambo Leo lina thamani kubwa kwa mtafiti wa nasaba. Barua na mashairi ya wasomaji yalitiwa saini kwa majina na mahali walipotoka waandishi, na habari za wilaya zilipewa nafasi. Lakini hapa pana mtego. Mwandishi wa barua alijitambulisha kwa jina la baba, kwa desturi ya shule na ofisi, ilhali Waluguru, pamoja na jirani zao Wakutu, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Anayefuata jina la gazetini peke yake huishia katika ukoo usio wake, na kwa Waluguru kosa hilo si dogo, kwa kuwa haki ya ardhi hufuata ukoo.

Kwa sababu hiyo, gazeti na mzee wa ukoo hawana budi kusomwa pamoja. Gazeti hutoa tarehe, ambayo mzee huenda ameisahau. Mzee hutoa jina la bibi mzaa mama, ambalo gazeti halikuliuliza kamwe. Mwanafunzi aketiye na majalada ya Mambo Leo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili iko Kisaki, nayo haina nakala.