Kuonja boha na bia za Ubelgiji: kwa nini neno "kali" halitoshi

Ukiuliza boha ya leo ikoje, mara nyingi utajibiwa kwa neno moja tu: kali, au si kali. Neno hilo linaeleza nguvu ya kinywaji peke yake. Halisemi kama kina harufu nzuri, kama kimechacha kupita kiasi au kama kimeharibika. Na mtengenezaji akiona wateja hawaulizi kingine ila nguvu, atatafuta nguvu, hata kwa kuongeza vitu visivyostahili kuwemo.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuonja na kueleza ladha ya kinywaji kilichochachuliwa. Tunailinganisha boha ya Usambara na bia za Ubelgiji, nchi inayosifika duniani kwa bia zenye ladha nyingi. Hatumhimizi mtu kunywa. Wasikilizaji wetu wengi hawanywi kwa sababu ya dini au afya, na hilo tunaliheshimu. Walio chini ya miaka 18, wajawazito na madereva hawahusiki na hatua za kuonja. Ila maelezo ya usalama yanamhusu kila mtu aliye na ndugu anayekunywa.

Boha ni kinywaji cha aina gani?

Boha ni pombe ya miwa. Muwa humenywa, hupondwa na kukamuliwa, kisha maji yake huachwa yachachuke. Chachu, ambayo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, hula sukari ya muwa na kutoa vitu viwili: kilevi na hewa inayofanya povu.

Kwa lugha ya watengenezaji, bia hutokana na nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, yaani kimea. Boha haina kimea, kwa hiyo iko karibu zaidi na mvinyo. Mbege ya Wachaga iko katikati, kwa kuwa huchanganya ndizi na kimea cha ulezi, na magome ya msesewe huipa uchungu. Muratina ya Kenya hutengenezwa kwa miwa au asali, na huchachuliwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa.

Baridi ya milimani nayo ina kazi yake. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye ubaridi chachu hufanya kazi polepole. Boha ileile ukiiteremsha Mombo kwenye joto itachacha haraka zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la mwonjaji liwe: imekamuliwa lini, na imekaa wapi?

Kwa nini Ubelgiji?

Ubelgiji iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kampuni kubwa inayomiliki hisa nyingi za kiwanda kinachotengeneza Safari na Kilimanjaro ina makao yake makuu Leuven, Ubelgiji. Lakini sifa ya nchi hiyo inatokana zaidi na viwanda vidogo na nyumba za watawa. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Baadhi ya bia hizo hutengenezwa chini ya usimamizi wa watawa Watrapisti. Jina hilo si geni Lushoto, kwani watawa wa shirika hilo walifanya kazi katika misheni ya Gare mwishoni mwa karne ya 19. Bia ya Tripel ya monasteri ya Westmalle ina kilevi cha asilimia 9.5, karibu mara mbili ya bia nyingi za chupa tulizozizoea. Huongezwa sukari ili iwe na nguvu bila kuwa nzito mdomoni. Bia nyeupe ya ngano nayo hutiwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa yaliyokaushwa.

Inayofanana zaidi na pombe zetu huitwa lambic, kutoka eneo la Brussels. Maji ya nafaka yaliyochemshwa huachwa usiku kucha kwenye chombo kipana kilicho wazi, na chachu ya hewani huingia yenyewe. Kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Ni chachu sana, na mtu asiyeizoea hudhani imeharibika. Wenyewe huinunua kwa bei kubwa kwa sababu wana maneno ya kueleza uchachu huo.

Hatua tano za kuonja

Usionje ukiwa umetoka kuvuta sigara au kula pilipili. Tumia kikombe safi kisicho na harufu ya sabuni, na kila mtu awe na chake. Kupokezana kata moja hueneza magonjwa.

1. Tazama. Mimina kidogo. Rangi ni ya maji ya muwa, ya kahawia au ya kijivu? Povu linakaa au linakufa mara moja? Boha yenye ukungu wa machicha si mbovu kwa hilo tu, lakini utando wa rangi juu yake ni dalili mbaya.

2. Nusa kabla ya kunywa. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hutoka puani. Harufu inakukumbusha nini: ndizi mbivu, mkate, asali, majani mabichi, moshi, siki? Taja kitu unachokijua nyumbani.

3. Onja funda dogo. Lizungushe mdomoni. Pima utamu, uchachu na uchungu, kila kimoja peke yake. Boha changa ina utamu mwingi kwa sababu chachu haijamaliza sukari.

4. Sikiliza uzito wake. Ni nyepesi kama maji au nzito kama uji? Inachoma kooni?

5. Subiri. Baada ya kumeza, ni ladha gani inabaki, na kwa muda gani?

Ukilinganisha boha za watengenezaji watatu, mtu mwingine azimimine na kuviandika vikombe A, B na C bila kukuambia ipi ni ya nani. Kunywa maji kati ya kikombe na kikombe. Funda mbili au tatu kwa kila kimoja zinatosha, kwani ukilewa ulimi hauonji tena.

Uchachu mzuri na ubovu

Kuchacha si lazima kuwe kuharibika. Uchachu unaofanana na wa maziwa mgando huburudisha. Harufu kali ya siki ina maana hewa imeingia na kilevi kinageuka siki. Bia nyekundu za Flanders, huko Ubelgiji, hupendwa zikiwa na siki kidogo, lakini ikizidi hata Wabelgiji huzimwaga. Harufu ya yai viza, siagi iliyooza au nguo yenye ukungu ni sababu ya kuacha.

Ambacho ulimi hauwezi kukuambia

Hapa tunaomba usome taratibu. Mwonjaji hodari hawezi kutambua sumu zote.

Methanoli, ambayo watu wasio waaminifu huchanganya kwenye pombe ili iwe kali, ina ladha inayofanana na kilevi cha kawaida. Mtu akiona ukungu machoni, akitapika au akipumua kwa shida baada ya kunywa, apelekwe hospitali mara moja. Asiachwe alale akidhaniwa amelewa.

Sumukuvu hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga, na kuchemsha hakuiondoi. Januari 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Wachunguzi waligundua sumu ya bakteria waliokuwa wamestawi kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa pombe pia.

Kwa anayetengeneza

Andika kwenye daftari siku ya kukamua, ulikopata miwa na hali ya hewa, kisha maneno ya waonjaji. Baada ya miezi michache utajua ni nini kinachofanya boha yako ipendwe. Funika chombo kwa kitambaa safi, na usifunge kabisa chupa ya boha inayoendelea kuchachuka, kwani hewa itaipasua. Wabelgiji hutumia chupa nene kwa sababu hiyohiyo. Kuuza pombe kunahitaji leseni, na kutengeneza gongo ni kosa la jinai.

Na wewe mnunuzi, safari ijayo badala ya kuuliza kama ni kali, jaribu kusema hivi: "Ni ya jana, ina povu, inanukia ndizi, uchachu wake ni wa maziwa mgando, utamu haujaisha." Mama anayeuza akisikia hivyo atajua kuwa umeithamini kazi yake, na kesho ataitunza harufu hiyo badala ya kutafuta kitu cha kuongeza ukali.