Mafahali Wawili na Roketi ya Mwezi

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Umoja wa Kisovieti uliilipia methali hiyo gharama kubwa.

Fahali wa kwanza ni Sergei Korolev, mbunifu wa roketi iliyompeleka Yuri Gagarin angani mwaka 1961. Wa pili ni Valentin Glushko, bingwa wa injini. Wote wawili walikamatwa mwaka 1938, enzi ya Stalin, na baadaye wakafanya kazi pamoja.

Mapema miaka ya 1960 walikosana. Korolev alitaka roketi ya mwezi, N1, itumie mafuta ya taa na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Glushko alitaka kemikali zinazowaka zenyewe zinapokutana. Alikuwa na hoja: injini kubwa za oksijeni zilikuwa zimemsumbua kwa mitikisiko ya moto ndani yake. Lakini kemikali zake zilikuwa sumu kali, na Korolev hakutaka kuwakalisha wanaanga juu yake. Glushko akakataa kumtengenezea injini.

Ikabidi Korolev amwendee Nikolai Kuznetsov, fundi wa injini za ndege, ambaye injini zake za roketi zilikuwa ndogo. Ndiyo maana N1, yenye urefu wa mita 105, ilihitaji injini 30 katika hatua yake ya kwanza. Hatua hiyo haikuwahi kuwashwa nzima ardhini ili kujaribiwa.

Korolev alifariki Januari 1966. N1 ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, na mara zote nne iliangamia. Ile ya Julai 1969 iliangukia kituo chake huko Baikonur na kukiharibu, siku 17 kabla ya Wamarekani kutua mwezini.

Mwaka 1974 Glushko alikabidhiwa shirika lililokuwa la Korolev, akausimamisha mradi wa N1. Badala yake ikaja Energia, roketi ya kubeba tani 100 hivi, pamoja na Buran, chombo chenye mabawa kilichokusudiwa kwenda angani na kurudi mara nyingi. Na roketi nne za pembeni za Energia zilitumia nini? Mafuta ya taa na oksijeni, katika injini za Glushko mwenyewe.

Tarehe 15 Novemba 1988 Buran iliizunguka dunia mara mbili bila rubani, ikatua yenyewe. Haikuruka tena. Nchi ilivunjika, fedha zikaisha, mradi ukafungwa mwaka 1993. Mwaka 2002 paa la jengo lilipohifadhiwa chombo hicho liliporomoka, likaua watu wanane na kukivunjavunja.

Wengi hulaumu ukosefu wa fedha, na ni kweli zilipungua. Lakini elimu ya kufika mwezini haikupungua. Iligawanyika katika vichwa viwili visivyosemezana, na walipopatana mafuta, mmoja wao alikuwa kaburini.