Gharama zinazokatwa kabla ya kodi

Anayepeleka mizigo kwa pikipiki kutoka Ajia hadi Arua mjini, na pengine mpaka Koboko, hana mwajiri. Petroli ni yake, spea ni zake, fundi anamlipa mwenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda inaruhusu matumizi yaliyofanywa ili kuleta mapato yaondolewe kwanza, ndipo kodi ipigwe kwenye kinachobaki. Hayo ndiyo ninayoyaita gharama zinazokatwa kabla ya kodi.

Jina ni refu, lakini mafupi yanapotosha. Ukisema "makato ya kodi", msikilizaji anawaza fedha anazokatwa yeye, kama mwalimu kwenye mshahara wake. "Msamaha wa kodi" ni baya zaidi, maana hapa hakuna aliyesamehewa. Tena kinachopungua ni mapato yanayotozwa, si kodi yenyewe: petroli ya shilingi 10,000 haikuondolei kodi ya shilingi 10,000.

Kipimo ni kazi. Petroli iliyopeleka magunia ya mteja inakatwa; iliyompeleka mama mkwe kanisani haikatwi. Riba ya mkopo wa pikipiki imo, ila marejesho ya mkopo wenyewe hayamo, na hapo wengi hukosea. Faini ya trafiki isahau kabisa. Pikipiki nayo haikatwi yote kwa mkupuo. Thamani yake hupunguzwa mwaka hadi mwaka kama uchakavu.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo waendeshaji wengi hawaambiwi. Mwenye biashara ndogo, ambaye mapato yake ghafi hayafiki shilingi milioni 150 kwa mwaka, huwekwa kwenye kodi ya makadirio. Kodi hiyo hupigwa juu ya mapato ghafi, na gharama hazikatwi hata moja, isipokuwa mwenyewe amwandikie Kamishna wa kodi kwamba anataka kutozwa kwa utaratibu wa kawaida.

Je, aandike? Tupige hesabu, kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa 2020. Tuseme anaingiza milioni 12 kwa mwaka. Asipokuwa na kumbukumbu za biashara, makadirio ni shilingi 80,000. Akiwa nazo, hulipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10, yaani shilingi 8,000. Naam, elfu nane. Akichagua utaratibu wa kawaida na gharama zake zikawa milioni 6, atabakiwa na milioni 6 za kutozwa. Shilingi 2,820,000 za mwanzo hazitozwi. Zinazofuata hutozwa asilimia 10, kisha 20, kisha 30. Jumla inafika 624,000.

Kwa mtu wa kiwango hicho, kudai gharama ni hasara. Humfaa yule ambaye gharama zimemeza karibu mapato yote, akabakiwa na faida isiyofika hizo 2,820,000, au aliyepata hasara kabisa. Wengine wabaki kwenye makadirio, lakini waweke kumbukumbu. Daftari la shilingi elfu chache, lenye tarehe, mzigo, malipo na risiti zilizobanwa nyuma, ndilo linaloshusha 80,000 kuwa 8,000.

Mwaka wa kodi huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na ritani huwasilishwa kabla ya Desemba kuisha. Daftari lianze Julai, si Desemba.