Maneno 7 ya Kizungu Unayodhani Unayajua, Yasome Kabla Hujasaini Karatasi ya Shamba Kwale

Kizungu kigumu si lazima kiwe cha maneno marefu. Mara nyingi ni lile neno dogo unalolijua tangu primari, halafu kwenye karatasi ya shamba linageuka kitu kingine kabisa. Na huku Kwale, kuanzia ploti za ufuo wa Diani hadi mashamba ya ndani Msambweni, karatasi nyingi za ardhi huja kwa ngeli. Wasee, chanukeni na haya 7.

1. Consideration. Shuleni ni kulifikiria jambo. Kwenye mkataba wa kuuza shamba ndiyo bei, yaani doo unayopewa. Tafuta tarakimu iliyo karibu na neno hilo. Kama si ile mliyoelewana, weka kalamu chini.

2. Interest. Usikimbilie riba ya benki. Kwa ardhi ni haki aliyo nayo mtu juu ya shamba. Ukisaini kuwa unahamisha "all my interest", umetoa haki zako zote. Usitegemee kurudi kuangua minazi ya babu.

3. Caution. Hii si ile ya kibao cha mbwa mkali. Ni zuio ambalo mtu mwenye dai huandikisha kwa msajili wa ardhi ili shamba lisihamishwe kimyakimya. Lipo kwenye Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Mnunuzi, fanya sachi kwanza.

4. Lease. Ni kupewa ardhi kwa muda, si milele. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia anamiliki ardhi kwa lease tu, isiyozidi miaka 99. Kwa hivyo mgeni wa Diani hawezi kuuziwa freehold, hata awe na mkwanja wa aina gani.

5. Royalty. Hapa hakuna mfalme. Ni mrabaha, malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa. Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutile na zirkoni Kwale, ikasafirisha shehena ya kwanza 2014 na kufunga uchimbaji mwisho wa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii ya pale panapochimbwa 10.

6. Consent. Si kukubali kwa mdomo tu. Shamba la kilimo likiuzwa, huhitaji kibali cha Land Control Board. Na kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke wako lazima aridhie.

7. Waive. Ukilisikia utadhani ni kupunga mkono, na kweli ni kama kuaga: ni kuiacha haki yako kwa hiari. Ukikuta "waives any further claims" kwenye karatasi ya fidia, maana yake hutadai tena, hata ukigundua baadaye doo ilikuwa kidogo.

Sasa, utajifunzaje? Usikariri kamusi nzima. Omba nakala ya karatasi, nenda nayo nyumbani, zungushia kila neno unalodhani unalijua, kisha mwulize wakili wako, si wakili wa mnunuzi. Anayekuambia saini leo leo, mwambie karatasi haiozi.

Na mzee asiyesoma asiambiwe "weka dole tu". Dole gumba nalo ni saini.