Chakula cha Mbwa katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Kwa karne nyingi mbwa wa pwani ya Malindi na Kilifi alikula bila mtu kumpikia. Riziki yake ilitoka porini, ufuoni na jalalani: matumbo ya mawindo, vichwa vya samaki, mifupa na makombo ya sima. Leo nyama na mifupa mibichi imerudi katika pwani hiyohiyo kwa sura nyingine, nayo hutolewa na baadhi ya wafugaji wa mbwa wadogo wa nyumbani wanaotaraji kwamba italinda magoti na nyonga za wanyama wao. Kati ya desturi hizo mbili ipo historia ya dini, usasi, ukulima, ukoloni na maradhi, na humo huonekana yale ambayo chakula kibichi kiliweza kumfanyia mbwa na yale ambayo hakikuweza.

Mbwa wa nje

Asili ya mbwa wa kufugwa si Afrika Mashariki. Alitokana na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambao ni jamii tofauti na mbwa mwitu wa nyika za Kenya, akaingia barani kutoka kaskazini na kusambaa kusini pamoja na wafugaji na wakulima. Katika miji ya Waswahili alikuta mipaka iliyokwisha kuwekwa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafi na kwamba chakula chao ni ndizi na samaki. Madhehebu hayo ndiyo yaliyoenea pwani nzima, na ndani yake mate ya mbwa ni najisi kali: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Hata hivyo dini haikumfukuza mbwa kabisa. Mbwa wa usasi, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba waliruhusiwa, na Kurani katika sura ya Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa. Kwa hiyo mbwa aliishi nje ya nyumba, akalinda bila kuingia ukumbini, na akalishwa chini au katika kigae na kifuu kisichorudi jikoni. Paka, ambaye hana najisi hiyo, alikula samaki wake ndani. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mlo wa mbwa katika miji kama Malindi, Takaungu na Mtwapa: alipata kile ambacho binadamu hakukihitaji tena, mara nyingi kikiwa kibichi.

Fungu la msasi

Bara kidogo kutoka mjini mbwa alikuwa na kazi, na kazi ilikuja na fungu lake. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wavuvi na wasasi, wenye madini ya chuma. Kwa Wagiriama na Wamijikenda wengine waliokaa ndani ya kaya, yaani makazi yao yenye boma msituni, na kandokando yake, msitu ulikuwa bucha. Katika Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, wasasi walitega mitego, wakachimba mashimo na kutumia mbwa kufukuza paa, nguruwe mwitu, nyani na hata sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo ambaye hupatikana kwa wingi zaidi humo kuliko mahali pengine popote duniani.

Msasi hugawa mawindo kwa utaratibu, na mbwa hana budi kuonja, kwani asipoonja leo, kesho hatakimbia. Matumbo, damu, mapafu na vipande vya mifupa vilimwangukia palepale vikiwa na joto la mnyama. Mlo huo ulikuwa na nyama, mafuta, mifupa na viungo vya ndani kwa pamoja, jambo ambalo watetezi wa chakula kibichi wa leo wangelisifu. Lakini haukuja kila siku. Kati ya windo na windo mbwa aliishi kwa sima, panya na chochote alichokipata mwenyewe, na mwili wake ulibaki mkavu.

Mkondo huu wa chakula ulibanwa katika karne ya 20. Arabuko-Sokoke ulitangazwa msitu wa serikali ya kikoloni mwaka 1932 na kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1943. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wenyeji wa kandokando ya Arabuko-Sokoke walikuwa bado wakisaka kwa ajili ya kitoweo. Hata hivyo fungu la mbwa lilikuwa limekuwa la wizi, na mbwa mwenyewe akahesabiwa miongoni mwa maadui wa hifadhi.

Ufuo na misimu yake

Mahali pa pili pa kulia palikuwa ufuoni. Kuanzia Ngomeni hadi Mtwapa, samaki husafishwa karibu na maji, na mbwa husubiri pamoja na paka na kunguru. Vichwa vya changu na tafi, matumbo ya kolekole, ngozi za taa na mabaki ya papa viliwapa mbwa wa ufuoni mafuta na madini ambayo wenzao wa bara hawakuyapata kwa urahisi.

Chakula hicho kilifuata upepo. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, vyombo hutoka mbali na samaki huwa wengi. Kusi inapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Mei na Agosti, mitumbwi na madau hukaa zaidi, na mbwa wa ufuoni hukonda. Bahari ina sumu zake pia. Bunju, samaki anayejijaza maji akivimba, hubeba ndani ya ini na mayai yake sumu inayoweza kuua mbwa au mtu, ndiyo maana wavuvi humtupa. Kuna samaki wengine ambao, wakiliwa wabichi kwa muda mrefu, huharibu vitamini B1 mwilini na kumletea mlaji udhaifu wa neva. Mbwa wa ufuoni alipona kwa sababu mlo wake ulikuwa wa kuchanganya.

Sima ya shamba

Mbwa wa tatu alikuwa wa shamba. Malindi, iliyokuwa imebaki mahame, ilikaliwa upya kuanzia 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na katika miongo michache ikawa ghala la nafaka la pwani. Mtama na ufuta vililimwa katika mashamba makubwa kwa nguvu za watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907. Maadui wa shamba la nafaka walikuwa nguruwe mwitu, nyani na ndege, na dhidi ya wawili wa kwanza mbwa alikuwa mlinzi wa maana.

Mlinzi huyo alilishwa kwa kile kilichojaa shambani: uji na sima ya mtama, baadaye sima ya mahindi, ukoko wa wali na machicha ya nazi. Hapa ndipo wazo kwamba mbwa ni mbwa mwitu mdogo asiyefaa kula nafaka linapogonga mwamba. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni la kuyeyusha wanga kuliko mbwa mwitu. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima yalikwisha kumbadilisha. Sima peke yake haimtoshi, kwani ina uhaba wa protini na kalisi, lakini si kitu kigeni tumboni mwake.

Mbwa wa ndani

Utawala wa Uingereza, ulioanza rasmi mwaka 1895, ulileta mbwa wa aina nyingine: aliyelala ndani, mwenye jina, ukoo na mpishi. Maofisa wa wilaya, wenye mashamba ya katani ya Kilifi na Vipingo, na wenye hoteli za mwanzo za Malindi, kama Lawford's iliyofunguliwa mwaka 1934, walifuga mbwa wa kuwindia na vijibwa vya kubebwa. Kwa mara ya kwanza mbwa alipikiwa. Nyama ya bei ya chini ilichemshwa pamoja na unga au mchele katika sufuria yake, na mpishi Mwislamu aliyeajiriwa kuipika alilazimika kutenga vyombo.

Wimbi la pili lilikuja na Waitaliano. Kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni kilirusha setilaiti yake ya kwanza tarehe 26 Aprili 1967, na katika miongo iliyofuata Malindi na Watamu zikajaa hoteli na nyumba za Waitaliano. Baada ya muda Wakenya wa tabaka la kati nao wakaanza kufuga mbwa wadogo wa nyumbani, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa ulinzi.

Chakula cha kiwandani kiliwafuata. Biskuti za mbwa zilianza kuuzwa London na James Spratt katika miaka ya 1860, nyama ya kopo ikauzwa Marekani tangu 1922, na punje kavu zilizovimbishwa kwa mvuke na mgandamizo zikaingia sokoni mwaka 1957. Zilipofika katika maduka makubwa ya Mombasa na Malindi zilimpa mwenye mbwa mlo uliopimwa, usiooza kwenye joto la pwani. Zilileta pia unene, kwa sababu punje hujaa nguvu na bakuli la mbwa wa ndani halikauki.

Maradhi na sheria

Wakati huohuo serikali ilimtazama mbwa kwa jicho la tahadhari. Mbwa wa kwanza mwenye kichaa kuthibitishwa nchini Kenya alipatikana karibu na Nairobi mwaka 1912, na Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ikawapa maofisa uwezo wa kuagiza mbwa wafungwe, wachanjwe au wauawe. Mkakati wa taifa wa sasa unalenga kuutokomeza ugonjwa huo kufikia 2030. Mbwa anayezurura kutafuta mizoga ni vigumu kumchanja na ni rahisi kuumana na wenzake, kwa hiyo suala la chakula limekuwa suala la afya ya umma.

Chakula kibichi kina hatari yake ya pekee. Tegu mdogo wa mbwa hukulia tumboni mwake baada ya mbwa kula ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye vifuko vya maji. Mayai yake yakimwingia mtu, vifuko kama hivyo humea ndani ya ini au mapafu yake. Kenya inaufahamu vizuri ugonjwa huu kwa sababu ya Turkana, ambako shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Ndiyo sababu viungo vinavyokataliwa na mkaguzi wa nyama kichinjioni hupaswa kuharibiwa, visiachiwe mbwa wanaosubiri langoni.

Kurudi kwa nyama mbichi

Wazo la kumrudishia mbwa wa nyumbani nyama mbichi lilianzia mbali na pwani. Daktari wa wanyama wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha mwaka 1993 kitabu kilichohimiza mifupa yenye nyama, viungo vya ndani na mboga badala ya punje za kiwandani. Kupitia intaneti na wageni, fikra hiyo ilienea duniani, na hoja iliyowagusa wenye mbwa wadogo ni ya viungo.

Mbwa wadogo wana udhaifu wao. Pia ya goti huteleza nje ya mfereji wake, na katika baadhi yao kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kufa wangali wachanga. Yote mawili hutokana kwa sehemu kubwa na urithi, na hakuna mlo unaoyaponya. Kuhusu baridi yabisi ya uzeeni, ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa uzito. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, nusu yao wakila robo pungufu ya wenzao. Waliokula kidogo waliishi takriban mwaka mmoja na miezi kumi zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Majaribio mengine yameonyesha kwamba mafuta ya samaki yenye omega-3 hupunguza kiasi maumivu na kuchechemea. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba ubichi wenyewe wa nyama ndio unaolinda gegedu. Badala yake, Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2012 dhidi ya kulisha mbwa nyama mbichi, kikitaja bakteria kama salmonela. Kugandisha nyama huua baadhi ya minyoo, lakini bakteria wengi hustahimili baridi, na katika pwani yenye joto na umeme unaokatika hatari huongezeka.

Historia ya mbwa wa Malindi na Kilifi inaafikiana na matokeo hayo. Mbwa wa msasi na wa mvuvi alikuwa mwepesi kwa sababu alikula kwa vipindi na kutembea kutwa, na mafuta aliyoyapata ufuoni yalikuwa yaleyale yanayouzwa leo katika chupa. Ubichi wa mlo wake ulimletea minyoo na sumu, na maisha yake kwa kawaida yalikuwa mafupi mno kufikia uzee wa viungo. Kwa mbwa mdogo wa nyumbani, sehemu za mlo huo zinazoweza kuchukuliwa bila hasara ni kipimo kidogo, mwendo wa kila siku na samaki, ambaye huchemshwa na kutolewa miiba. Dagaa waliochemshwa bila chumvi huongeza kalisi, na sima kidogo haidhuru. Mbwa anayechechemea bado huhitaji kupimwa na daktari wa wanyama, kwa kuwa goti linaloteleza huweza kuhitaji upasuaji, na baridi yabisi hutibiwa kwa dawa na kupunguza uzito.